Picha ya Bibi Mpishi

Mwanzoni mwa muhula huu Mwalimu Mkuu alitangaza katika baraza la asubuhi kwamba Bibi mpishi wetu atastaafu, na kwamba picha yake itatolewa katika gazeti la shule pamoja na maneno ya kumshukuru. Alipouliza ni nani atakayeipiga picha hiyo, wenzangu wa Chama cha Picha walinitazama mimi, nami nikasimama upesi kuliko inavyompasa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilijiona stadi. Kumbe kazi ile ilikuwa na mitego nisiyoijua, na kwa kuwa mhariri ameniomba nieleze jinsi ilivyokuwa, nitaeleza yote, hata yale ya kuniaibisha.

Kwanza yafaa wazazi wetu wajue hali ya vyombo vyetu. Chama kina kamera moja, ambayo mwalimu wetu wa Fizikia huitunza katika kabati lenye kufuli, na tunaruhusiwa kutumia kompyuta mbili siku ya Jumatano baada ya masomo, na Jumamosi baada ya usafi. Kamera hupiga picha za rangi. Lakini gazeti letu huchapwa kwa mashine ya kudurufu yenye wino mweusi tu. Kwa hiyo kila picha mnayoiona humu ilikuwa na rangi zake zote, kisha mmoja wetu akaziondoa kwa programu ya kompyuta kabla ya kuipeleka kuchapwa. Wengi hudhani kuwa kuondoa rangi ni jambo la kubonyeza mara moja, kama kuzima taa. Nami nilidhani hivyo hivyo.

Nilimkuta Bibi jikoni akikoroga maharage katika sufuria kubwa, machozi yakimtoka kwa moshi.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Chakula bado.”

Nikamwambia sikufuata chakula, nimetumwa kumpiga picha. Alijitazama kuanzia kifuani hata miguuni, akacheka.

“Picha na masizi haya? Watu watasema shule imenitoa tanuruni. Njoo kesho saa kumi.”

Kesho yake saa kumi nilimkuta amekaa juu ya kiti nje ya ghala ya chakula, ameoga, amejitanda kisutu kipya. Kwa wasomaji wa bara wasiokijua, kisutu ni kanga ya rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, nacho kwetu pwani ndicho vazi la harusi. Nikamuuliza kwa nini amechagua hicho. Akasema kwamba katika maisha yake yote amepigwa picha moja tu ya kukaa na kutazama kamera. Ilikuwa mwaka 1978, siku chache baada ya harusi yake, katika studio moja ya mjini Tanga, yeye na mumewe, ambaye sasa ni marehemu. Siku ile pia alikuwa amejitanda kisutu. Picha ile haina rangi, nayo imetundikwa ukutani nyumbani kwake Pangani, na wajukuu wake hawaamini kwamba nguo ile ilikuwa nyekundu. Wanasema watu wa zamani walivaa nguo za kijivu.

“Basi unipige vizuri,” akasema. “Moja ya gazeti, na moja nipate ya kutundika karibu na ya marehemu.”

Nikamweka katika mlango wa ghala, mahali penye kivuli, lakini mwanga wa uwanjani humfikia mtu kwa upande. Nikapiga picha 14. Ya 9 ndiyo iliyokuwa bora. Alikuwa ametoka kumkemea mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa akichungulia, na ukali na kicheko vilikuwa bado vimekaa pamoja usoni mwake.

Jumatano tukaifungua katika kompyuta. Katika rangi zake ilikuwa picha njema kweli. Nikabonyeza amri ya kuondoa rangi, na Bibi akapotea. Sifanyi mzaha. Uso wake na nguo iliyouzunguka vilikuwa kijivu kimoja, hata usingeweza kusema shavu linakwisha wapi na kisutu kinaanza wapi. Yalibaki macho, na nakshi nyeupe za kanga zikielea peke yake, kama mtu anayechungulia nyuma ya ukuta wenye matundu.

Nilibonyeza kurudi nyuma, nikabonyeza tena, nikapata vile vile. Nikadhani kompyuta ina ugonjwa. Mwalimu akaja, akatuonyesha jinsi ya kusoma tarakimu za nukta moja moja. Picha ya kompyuta imefanywa kwa nukta nyingi sana, na kila nukta ina tarakimu tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, kila moja kuanzia 0 hata 255. Nukta ya kisutu, mahali pekundu, ilikuwa nyekundu 190, kijani 30, buluu 40. Nukta ya shavu la Bibi ilikuwa nyekundu 110, kijani 72, buluu 52. Ili kupata kijivu, programu lazima izifanye tarakimu tatu kuwa moja. Kanuni moja iliyotoka katika televisheni, na ambayo bado hutumiwa na programu nyingi, huchukua asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya buluu, kwa sababu jicho la binadamu huuona mwanga wa kijani kuwa mkali kuliko ule mwingine. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kuifanya pembeni mwa ukurasa huu. Kisutu: 57 na 17.7 na 4.4, jumla 79. Shavu: 33 na 42.5 na 5.7, jumla 81.

Rangi mbili ambazo hata mtoto mchanga hawezi kuzichanganya, zikishakuwa kijivu zimepishana kwa hatua 2 tu kati ya 255! Niliifanya hesabu ile mara tatu katika daftari langu la Kemia, nikitumaini nimekosea.

Sasa programu ile ina mahali ambapo mtu huchagua mwenyewe kiasi cha kila rangi, nami mahali hapo nilipajua tangu zamani. Nikaipa nyekundu 100, nikazinyima kabisa zile mbili. Mara ile uso wa Bibi ukang’aa. Makunyanzi yakapungua, kwa maana katika mwanga mwekundu ngozi ya mtu huonekana nyororo. Wekundu wa kisutu ukawa kijivu cheupe, karibu sawa na nakshi zake nyeupe, na vilivyosalia vilikuwa vidoa vyeusi tu. Wenzangu wakapiga makofi. Mmoja akasema Bibi amerudi ujanani. Wawili wakaniomba niwafanyie na wao dawa ile ile, tena mmoja aliniahidi andazi.

Hapa sina budi kuungama jambo. Katika toleo lililopita nilizitengeneza picha 12 za viranja wetu, na zote nilizipitisha katika nyekundu peke yake, kwa kuwa zilitoka safi. Nilisifiwa. Siku ya Wazazi, mama wa mwenzangu ninayekaa naye dawati moja, ambaye ni kiranja wa maktaba, alikuwa akilipekua gazeti hili. Aliupita ukurasa wa viranja mara mbili. Kisha akamwuliza mwanawe, “Mbona wewe hukupigwa picha?” Mwenzangu akamwonyesha kwa kidole. Mama akainamia ukurasa, akatazama kitambo, akasema, “Aa.” Sisi tukacheka, tukaenda kunywa soda. Mwenzangu ndiye mweusi kuliko sisi wote darasani, na katika gazeti alikuwa na rangi moja na kila mtu. Sikulifikiri tena jambo lile mpaka nilipompelekea Bibi karatasi yake.

Alijifuta mikono, akaishika karatasi mbali na macho, akageuka kuelekea mlangoni penye mwanga.

“Mmenipaka poda?”

“Hapana, Bibi. Ni kompyuta.”

“Basi kompyuta imenipaka poda. Na kisutu changu mmekifua kwa nini hata kikatoka rangi?”

Sikuwa na jibu. Akaendelea kuitazama, akasema, si kwa hasira, “Nikiitundika hii karibu na marehemu, wageni wataniuliza yule mke mwingine ni nani.” Wasaidizi wake wakacheka sana. Nami nilicheka pamoja nao, lakini afadhali angalikasirika.

Mwalimu nilipomweleza hakunikemea. Alinisimulia habari mbili za kale, nazo nazitia hapa kwa kuwa zimenifaa kuliko karipio. Ya kwanza ni kwamba vioo vya kupigia picha vya zamani, kabla ya mwaka 1873, viliuona mwanga wa buluu na wa zambarau, wala nyekundu havikuiona hata kidogo. Kitu chekundu kilitoka cheusi. Mwaka huo Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel, aliyekuwa akifundisha mambo ya picha mjini Berlin, alishangaa kuona kwamba vioo fulani vilivyotoka Uingereza vinaguswa na kijani kuliko ilivyotazamiwa. Akachunguza, akakuta sababu: vilikuwa vimetiwa rangi ya manjano ili kuzuia kasoro nyingine kabisa. Ile rangi ndiyo iliyovipa macho. Watu wakaifuata njia hiyo, wakatia rangi hii na ile, hata baada ya miaka mingi vikapatikana vioo na filamu vya kuona rangi zote, na nyekundu pia.

Ya pili ilinipendeza zaidi. Tarehe 17 Mei 1861, mjini London, katika Royal Institution, James Clerk Maxwell aliwaonyesha watu picha ya rangi iliyofanywa kwa picha tatu zisizo na rangi. Kitu kilichopigwa kilikuwa utepe wa Kiskoti wenye mistari ya rangi mbalimbali. Mpiga picha alikuwa Thomas Sutton, naye aliupiga utepe ule mara tatu, mara moja kupitia maji ya rangi nyekundu, mara moja kijani, mara moja buluu. Kisha picha tatu zikamulikwa ukutani kwa taa tatu, kila moja kwa rangi yake, zikawekwa moja juu ya nyingine, na rangi za utepe zikatokea. Lakini, kama nilivyosema, vioo vya siku zile havikuiona nyekundu! Basi ile picha ya nyekundu ilipatikanaje? Jambo hili lilikaa miaka 100 bila kufumbuliwa. Mwaka 1961 wataalamu wa Kodak walionyesha kwamba rangi nyekundu ya utepe ilirudisha pia mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho ya mtu, nayo mionzi ile ilipenya katika maji mekundu ikakigusa kioo. Kioo hakikuuona wekundu. Kiliona kitu kingine kilichopita mlango ule ule.

Nilipokwenda kulala niliendelea kuiwaza habari hii. Nilikuwa nikidhani kwamba picha isiyo na rangi ni ile iliyoachana na rangi. Kumbe rangi zote zimo ndani yake, ila zimekaa gizani, na yule anayeketi mbele ya kompyuta ndiye anayeamua ipi itolewe nje kwa jina la mwanga na ipi iachwe kwa jina la kivuli. Wale viranja 12 sikuwauliza. Hata sikujua kuwa kuna la kuuliza.

Jumamosi nikaanza upya, na hapo nikafanya kosa lingine ambalo chama kizima kililipenda. Niliweka picha mbili moja juu ya nyingine katika programu, kama karatasi mbili: chini ile ya rangi, juu ile ya kijivu. Nilitaka kufuta alama ya uchafu ukutani nyuma ya Bibi. Nikashika kifutio, lakini kwa haraka nikakipitisha begani mwake. Karatasi ya juu ikatoboka, na katika tundu ukachungulia wekundu. Nikastuka. Kisha nikaendelea kufuta, sasa kwa makusudi, nikifuata ukingo wa nguo, mpaka kisutu chote kikatoka kwa rangi zake, na Bibi mwenyewe pamoja na mlango na ukuta vikabaki kijivu. Hata wale wa chama cha mijadala waliokuwa wakisubiri kompyuta waliacha maneno yao wakaja kutazama. Niliwaza moyoni kwamba sasa wajukuu wa Pangani wamepata jibu lao.

Mwalimu alisema ni mapambo, lakini hakunikataza kuipeleka. Bibi hakuhitaji hata kuisogeza mbali na macho. Kioo cha kamera kilikuwa kidogo, nami nilikuwa nimeirudisha picha humo ili nimwonyeshe, lakini aliona mara moja.

“Kanga i hai, mimi nimekufa?”

Nikaona alichokiona. Nguo ile ilikuwa mbichi kama damu, na uso wake kando yake ulikuwa kama jivu la jikoni. Niliifuta picha ile papo hapo, na baadhi ya wenzangu mpaka leo hawajanisamehe.

Nikarudi kwenye tarakimu. Nilitaka uso wa Bibi ubaki na weusi wake, na kisutu kionekane kuwa kizito kuliko uso, lakini kisimezwe na nakshi nyeusi. Nilijaribu kijani peke yake: uso 72, wekundu 30, lakini vidoa vyeusi vilikuwa kama 20, kwa hiyo nyekundu na nyeusi zilikaribia kuwa kitu kimoja. Baada ya majaribio mengi nikakaa katika nyekundu 10, kijani 80, buluu 10. Uso ukawa 74, wekundu 47, weusi 20, na nakshi nyeupe zilibaki nyeupe. Makunyanzi yalirudi yote. Ukali na kicheko vilirudi pia, maana kumbe vilikuwa vimekaa katika makunyanzi. Hiyo ndiyo iliyochapwa katika gazeti hili, nanyi wasomaji mnaweza kuhukumu, iwapo mashine haikuzidisha wino.

Ilibaki ile ya kutundika. Nikaona picha ni nzito kidogo, nikafungua mahali pa kupindisha mstari wa mwanga, ambapo ukiuvuta mstari juu picha hung’aa, ukiushusha hufifia. Juu ya mstari ule kuna kidirisha cha kuchagua kama unazivuta rangi zote pamoja au moja tu. Kidole changu kilikuwa juu ya kigurudumu cha kipanya, nacho kikazunguka bila mimi kujua, kidirisha kikahama kikasimama katika buluu. Nikashusha mstari katikati kidogo ili nipime. Picha yote ikaingia umanjano kama ngozi ya embe. Basi, badala ya kutulia nikatazama, nikahangaika, nikazungusha kigurudumu tena, nikauvuta mstari juu. Kumbe sasa ulikuwa wa nyekundu. Makosa mawili yakakutana, na Bibi akawa wa kahawia.

Nitaeleza kwa nini, maana nilijiuliza kwa siku mbili. Kijivu ni pale tarakimu tatu zinapolingana. Ukipunguza buluu, zilizobaki hutoa umanjano. Ukiongeza nyekundu juu yake, hutoa rangi ya kahawa. Na kwa sababu nilivuta katikati ya mstari tu, bila kugusa ncha zake, weusi kabisa ulibaki mweusi na weupe wa macho ukabaki karibu mweupe. Ni vile vya katikati tu vilivyopata joto, na katikati ndipo palipokuwa uso wake.

Nilikuwa karibu kuifuta. Lakini kwa kuwa nilikwisha kuona kwamba macho yangu si ya kutegemewa, niliihifadhi kwa jina jingine, nikazipeleka zote mbili katika duka la picha la mjini kwa fedha tulizochanga. Huko nako kukatokea kituko. Ile ya kijivu ilipotoka katika mashine, chini ya taa ya dukani ilikuwa kijivu barabara. Nilipofika kituo cha daladala nikaitoa katika bahasha niitazame juani: ilikuwa na ukijani, kama maji ya kisima chenye kuvu. Nikarudi dukani mbio. Yule bwana aliishika chini ya taa yake akaniambia haina neno, na kweli pale ndani haikuwa na neno. Tulitoka nje wote wawili, tukarudi ndani, tukatoka tena, mpaka wateja wakatushangaa. Akanieleza kwamba mashine yake huufanya kijivu kwa kuchanganya wino za rangi, na kwamba mchanganyiko unaolingana chini ya taa moja huweza kuegemea upande chini ya mwanga mwingine. Ile ya kahawia haikuonyesha tofauti ya maana, kwa kuwa yenyewe ilikuwa imeegemea tayari.

Nikampelekea Bibi zote mbili, nikamwambia kweli yote: kwamba hii ndiyo ya gazeti, ila hapa imeingia ukijani, na hii nyingine ni kosa la kidole changu. Aliziweka juu ya gunia la unga, moja kando ya nyingine. Kazi ilikuwa imekwisha, jikoni mlikuwa kimya. Alizitazama kwa muda mrefu, akaiokota ile ya kahawia.

“Hii.”

Nikamwuliza kwa nini. Akasema ile picha ya 1978 nayo imekuwa hivi hivi. Zamani ilikuwa nyeusi na nyeupe, lakini miaka imeipeleka katika kahawia, na marehemu amekuwa kahawia pamoja nayo. “Tutakuwa rangi moja,” akasema.

Mwalimu alinieleza baadaye kwamba picha za zamani zilifanywa kwa chembe za fedha, nazo fedha zikiguswa na hewa chafu na dawa ambazo hazikuoshwa vizuri hugeuka kahawia na umanjano. Kwa hiyo yake iligeuka kwa miaka zaidi ya 40, na yangu kwa dakika moja, tena kwa ajali. Mwalimu haipendi. Anasema kuifanya picha mpya ijifanye kuukuu ni uongo, na kwamba angechukua ile ya kijivu na ukijani wake. Mimi nimebishana naye kwa adabu. Ile iliyong’arisha uso wa Bibi ilikuwa uongo, nami niliutenda kwa makusudi, nikasifiwa. Hii ilikuwa bahati mbaya, lakini mwenye uso ameitazama akajijua. Hatujapatana, na yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati.

Jambo moja lilikuwa bado linanisumbua, nikamwuliza Bibi kabla sijaondoka.

“Lakini, Bibi, kisutu hakionekani kuwa chekundu. Wajukuu hawataamini tena.”

“Wakiuliza nitawaambia. Si nipo?”

Alisafiri Jumamosi iliyofuata kwa basi la asubuhi, picha ikiwa imefungwa katika gazeti na kuwekwa katikati ya kanga zake ili isikunjike. Sisi wa chama tulimbebea mizigo hata kituoni.

Juma lile lile nilizitoa tena picha za viranja 12 katika kompyuta. Zote zilikuwa bado na rangi zake. Sikutumia kipimo kimoja kwa wote, kwa maana nyuso zao si moja; nilimwita kila mmoja akakaa karibu nami mbele ya kioo, nikageuza tarakimu polepole, naye akasema tusimame wapi. Wawili walitaka poda, nikawapa, kwa kuwa nyuso ni zao. Yule wa dawati langu alikaa muda mrefu kuliko wote. Alisema punguza, punguza tena, rudi kidogo, hapo. Picha yake mpya ameichukua, ataipeleka kwa mama yake siku tutakapofunga shule.